Kabureta ya Boti Ilivyopanda Olmotonyi

Wenzangu waliposwa kwa vigelegele. Mimi niliposwa kwa harufu ya petroli.

Wazee kutoka Pangani waliingia uani kwetu Sombetini, Arusha, wakakaribishwa sebuleni, wakapewa chai ya maziwa, na kabla mshenga hajakohoa kuanza maneno yake, baba mkwe wangu mtarajiwa akafungua kikapu cha ukili na kutoa vitu viwili. Aliviweka mezani, juu ya kitambaa ambacho mama alikifuma mwenyewe na ambacho sisi watoto hatukuruhusiwa hata kukigusa. Zilikuwa kabureta mbili: moja kuukuu, imeliwa na chumvi, nyingine mpya ndani ya boksi lake.

Mama alikitazama kitambaa. Baba alizitazama kabureta. Mimi niliyekuwa nachungulia kutoka jikoni na khanga mpya kichwani, nilijua kwamba habari yangu imeahirishwa.

Baba yangu ni fundi wa magari, lakini ukimwita hivyo anakurekebisha: yeye ni fundi wa kabureta. Siku hizi magari yana kompyuta, na baba anaichukia kompyuta ya gari kama anavyomchukia mtu anayenong'ona mbele za watu. Wateja waliobaki kwake ni wenye pikapu za zamani na wenye ubishi wa kutosha kuzihifadhi. Mchumba wangu, ambaye tulikutana kazini kule Themi, alitaka kuwasifia wakwe zake, akawaambia kwao kwamba Arusha kuna mzee anayetambua ugonjwa wa kabureta kwa sikio tu, boneti ikiwa imefungwa. Sifa hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake, ingawa mwenezi wake mkubwa alikuwa baba mwenyewe.

Dini haikutusumbua. Wote tulikuwa Walutheri, jambo lililomshangaza baba, kwani aliamini kwamba Ulutheri unaishia Same.

Baba mkwe alieleza shida yake kwa upole wa watu wa pwani, wa kuzunguka nyumba nzima kabla ya kubisha hodi. Ana boti ya kuvusha watu na kuwapeleka wageni matembezini. Injini yake si ile ya kuning'inia nyuma. Imekaa ndani, katika tumbo la boti, na kwa asili ni injini ya gari iliyopakwa rangi ya bluu na kupelekwa majini. Siku hizi ilikuwa inakunywa mafuta bila kuvuta. Mwanawe alikuwa amemtafutia kabureta mpya.

"Mimi moyo wangu uko kwa hii ya zamani, nimezeeka nayo," alisema. "Hii mpya nayo naitamani. Si wanasema kipya kinyemi, ingawa kidonda? Sasa, mzee mwenzangu, wewe ndiye hakimu. Kama ni kuifufua ya zamani, ifufue. Kama ni kuizika, sema. Utakayoichagua nitarudi nayo, na itakayobaki iwe yako. Ndiyo zawadi yetu kwako."

"Kwa nini tusifunge tu ya gari?" baba aliuliza. "Hapa mjini zimejaa."

"Hiyo hapana, baba. Ya gari ikifurika inamwaga nje, petroli inaanguka barabarani, imekwisha. Boti haina barabara. Petroli inashuka tumboni, inakaa pale inangoja cheche. Ya boti ikifurika huyameza yenyewe mafuta yake."

Baba hapendi kufundishwa, lakini anapenda kujua, kwa hiyo aliitikia kwa kichwa, kwa uso wa mtu ambaye jambo hilo alikuwa karibu kulisema yeye.

Hapo lazima nieleze kidogo. Sisi ni Waarusha, na kwetu mtu akikupa mnyama, humwiti tena kwa jina lake. Akikupa kondoo, mnaitana Paker. Akikupa mbuzi, Pakine. Ng'ombe, Pakiteng'. Jirani yetu wa nyuma ya ukuta ameitwa Pakine na baba tangu sijazaliwa, naye anamwita baba hivyo hivyo, na mpaka nilipoanza shule niliamini kwamba wote wawili walibatizwa kwa jina moja. Ni heshima kubwa, maana kila mnapoitana mnakikumbuka kilichotoka mkono mmoja kwenda mwingine. Kwa hiyo baba mkwe aliposema "zawadi", niliona baba amekaa wima.

"Mimi nachagua kwa kazi, sichagui kwa macho," baba alisema. "Na nakwambia mbele ya hawa wazee: boti yako isipotembea na hiyo nitakayokupa, mimi Pangani sikanyagi. Nitakanyaga na uso gani?"

Wageni walicheka. Mimi na mama hatukucheka. Sendofu, sherehe ya kuniaga, ingefanyika kwetu, lakini ndoa ingefungwa kanisani kwao Pangani, na baba ndiye angenishika mkono kuniingiza. Na sisi tunazijua ahadi za baba. Zamani aliapa kwamba hatakunywa chai nyumbani kwa shangazi yangu wa Kahe, kwa ugomvi ambao hakuna anayeukumbuka tena, na tangu hapo huenda Kahe na chupa yake ya chai kwapani. Wengine wanapewa vikombe, yeye anafungua kifuniko chake na kujimiminia, na shangazi anamwangalia. Hata pikapu yake, ambayo Arusha inaunguruma vizuri, ina desturi ya kukohoa ikifika Kahe. Baba anasema ni kwa sababu nayo haimpendi shangazi.

Basi posa ikawa karakana. Mshenga alisema maneno yake akiwa amesimama kando ya benchi la spana, na baba akayaitikia bila kuinua kichwa. Kabureta ya zamani ilichemshwa kwenye sufuria, na sufuria hiyo ilikuwa ile ya mama ya kupikia loshoro. Ilisuguliwa kwa mswaki, ikavikwa gasketi mpya, ikapewa boya jipya. Kisha baba akafungua kopo lake la jeti, vile vijitundu vya shaba vinavyopima mafuta yanayoingia, akachagua kimoja chembamba kuliko kile kilichokuwamo. "Ilikuwa inakunywa sana," alisema. "Sasa itakunywa kwa kijiko."

Kwa kuwa injini ya boti ni ndugu wa damu wa injini ya pikapu yake, kabureta zote mbili zilikaa kwenye pikapu bila ugomvi. Wakati wa kuifungua ile ya pikapu yenyewe ilivunjika sikio, lakini baba alisema hiyo ni habari ya kesho. Asubuhi wote tukapanda: wazee mbele na baba, mimi na mchumba wangu, aliyekuja na wazee wake, nyuma kwenye bodi, tukaelekea Olmotonyi, juu mlimani. Baba anaamini kwamba kifaa ambacho hakiwezi kupanda Olmotonyi hakina haki ya kuitwa kifaa.

Alianza na ile mpya. Tangu Sombetini ilitoa moshi mweusi kama mtu anachoma tairi. Tulipoanza kupanda, ikawa inabanwa, inasita, inakata tamaa. Karibu na chuo cha misitu ikazimika kabisa. Wanafunzi walitoka kutazama wazee wa posa, wamevaa suti, wakisukuma pikapu, na msichana anayeposwa akiwa juu ya bodi maana baba alikataa nishuke nichafue gauni. Sijawahi kuona aibu kama ile, na nimewahi kuanguka kwaya nzima ikinitazama.

Baba akabadilisha pale pale kando ya barabara. Akawasha. Ile ya zamani ikaitikia kwa sauti nzuri, ya chini, na ikapanda mlima wote kama mbuzi aliyesikia chumvi. Kule juu baba alizima injini, akamgeukia baba mkwe, na kwa furaha ya mtu aliyeshinda alisema neno ambalo mama angelipa chochote alirudishe mdomoni.

"Mkwe," alisema, "umeuziwa feki."

Mchumba wangu, ambaye ndiye aliyeitafuta kabureta ile mpaka akaipata, alitazama miti. Baba mkwe hakukasirika kwa namna tunayoijua sisi. Alitabasamu, akafuta masizi kwenye mkono wa suti, akasema, "Haidhuru. Mwenda tezi na omo, marejeo ngamani."

"Na wewe pia," baba alijibu, akidhani ametakiwa heri.

Wakaondoka na kabureta ya zamani. Ile mpya ilibaki kwetu, lakini baba hakumwita mkwe wake jina lolote. Zawadi feki, alisema, haizai jina.

Siku boti ilipojaribiwa, baba aliwaita watu. Pakine alikuja na kiti chake. Simu iliwekwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti imefunguliwa yote, na kutoka Pangani tulisikia kunguru, watu wakisalimiana, na baba mkwe akisema kwamba anaisogeza simu karibu na injini.

"Washa!" baba aliamuru.

Iliwaka. Baba akatutazama mmoja mmoja.

"Ongeza mafuta!"

Ikapiga chafya. Ikapiga nyingine. Halafu ikatoa mlipuko mmoja mkavu na ikanyamaza, na wale kunguru wakasikika tena.

"Ongeza taratibu, mzee mwenzangu! Usiilazimishe!"

Walijaribu taratibu, walijaribu haraka, walijaribu baba akiwaimbia mlio wanaopaswa kuusikia. Kila walipoitaka ivute, ilikohoa.

"Inakohoa," alisema baba mkwe.

"Haiwezi kukohoa. Imepanda Olmotonyi!"

"Naam. Lakini hapa inakohoa."

"Basi hewa yenu ndiyo mbaya!" baba alipiga kelele.

"Hewa yetu, mzee mwenzangu," baba mkwe alisema polepole, "tumeivuta tangu enzi za mababu, na haijatudhuru." Simu ikakatika.

Pakine alibeba kiti chake akaenda kwao bila kuaga, na kwa mtu kama Pakine hiyo ni huruma.

Jioni hiyo baba alitangaza kwamba hatakwenda Pangani. Mama akamuuliza nani basi ataniingiza kanisani. Akasema mjomba. Mjomba wangu ni mtu mwema, lakini husinzia kanisani hata akiwa amesimama. Nilimwambia baba kwamba sitaki mjomba, namtaka yeye, na kwamba kama boti ina thamani kuliko mimi basi aniambie nijue. Alisema boti haina thamani kuliko mimi, ila neno ni neno. Nilimkasirikia mno. Niliosha vyombo vyote kwa kelele, hata vilivyokuwa safi.

Mchumba wangu aliniambia kwamba kwao hakuna aliyejali sana boti. Boti hukohoa, ni kawaida yake. Kilichomuuma baba yake ni lile neno la kule juu mlimani. Alikuwa ameleta zawadi kwa mikono miwili, ikaambiwa feki mbele ya wanafunzi.

Huku nyuma baba hakuwa na cha kufunga kwenye pikapu isipokuwa ile ile feki. Akaifunga. Sombetini yote ilijua anapotoka na anaporudi. Wanawake walianua nguo wakisikia stata yake. Bodaboda walimpisha, si kwa heshima.

Ndipo likaja jambo la kipaimara cha mtoto wa shangazi, kule Kahe. Baba hakutaka, lakini mtoto ni mtoto. Tukapanda pikapu sisi watatu, mama katikati, mimi dirishani na kitambaa puani, baba na chupa yake ya chai kati ya miguu. Tulipita Tengeru ndani ya wingu letu wenyewe. Tulipita Usa River, watu wakituonyesha vidole. Tulianza kuteremka.

Baada ya njia panda ya uwanja wa ndege niligundua kwamba nimeondoa kitambaa puani. Nilitazama nyuma. Moshi ulikuwa umepungua. Nilimtazama baba, alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja kama anavyofanya akisikiliza. Boma Ng'ombe pikapu ikaanza kuvuta. Tulipoiacha Moshi nyuma na kushuka kuelekea Kahe, ilikuwa inakwenda kwa utulivu ambao sijawahi kuusikia kwake, na ilifika mlangoni kwa shangazi bila kukohoa hata kidogo.

"Leo imenipenda?" shangazi aliuliza.

Baba alishuka kabla ya kusalimia. Alifungua boneti, akasimama pale na suti yake ya kanisani, akiisikiliza kabureta ya Pangani ikipumua. Shangazi alipomletea kikombe cha chai, alikipokea, akanywa, akakirudisha akaomba kingine. Mama alinifinya paja. Shangazi alimimina tena, akaongeza sukari. Chupa ya baba ilibaki kwenye pikapu mpaka chai ikapoa.

Wakati wa kurudi baba aliendesha dirisha likiwa wazi, sikio nje. Tulipanda, na baada ya Usa River ikaanza kubanwa. Tengeru moshi ukarudi wote. Baba akasimamisha gari kando ya barabara, akapiga usukani kwa kiganja.

"Si feki," alisema.

Alituelezea pale pale, malori yakitupita. Hewa ya kwetu juu ni nyepesi, ya chini ni nzito. Ile mpya imepimwa kwa hewa ya chini. Ikija huku inameza petroli nyingi kuliko hewa inayoipata, ndiyo maana inatoa moshi. Na ile ya zamani yeye mwenyewe aliibania mafuta ili ilingane na hewa ya Olmotonyi. Ikishuka baharini ina njaa, inakohoa kwa njaa. Pikapu nayo ilikuwa ikikohoa Kahe kwa njaa hiyo hiyo, miaka yote, na lawama akabeba shangazi.

"Kwa hiyo uliposema hewa yao ndiyo mbaya..." mama alianza.

"Nilisema kweli," baba alisema. "Nikaisema vibaya."

Alipiga simu kesho yake, uani, baada ya kuzunguka pikapu mara kadhaa na kuipangusa mahali palipokuwa pasafi. Mama alikuwa anachambua maharage, mimi nilikuwa najifanya nafua. Sauti ya simu ilikuwa imefunguliwa yote, maana baba hajui kuifunga. Walisalimiana. Waliulizana habari za nyumbani, za kazi, za mvua, za afya ya kila mtu anayefahamika na wengine wasiofahamika.

"Ile mpya," baba alisema hatimaye. "Ile uliyonipa. Ni nzima. Mimi ndiye niliyekosea."

Mama aliacha kuchambua. Katika maisha yangu sikuwahi kuisikia sentensi hiyo ikitoka kwake, na mama aliniambia baadaye kwamba hata yeye.

"Haidhuru, mzee mwenzangu," baba mkwe alisema, lakini kwa sauti nyingine, yenye joto.

"Pakabureta," alisema baba.

"Umeniitaje?"

Baba akamweleza: kondoo, mbuzi, ng'ombe, na jirani wa nyuma ya ukuta. Kwamba mtu aliyekupa kitu humwiti tena jina lake. Kwamba hajawahi kusikia mtu akiitwa hivi, lakini hajawahi kusikia pia mtu akiposa kwa kabureta.

"Na mimi nikuiteje?"

"Hivyo hivyo. Mnaitana sawa." Baba alikohoa. "Sasa sikiliza. Ile mpya nakuja nayo, naifunga mwenyewe, hapo hapo kwenye hewa yenu. Ya zamani nitarudi nayo mimi, imeshakuwa ya mlimani. Jina halibadiliki."

"Karibu sana. Boti inakungoja."

Nilidhani amemaliza. Baba alibaki ameishika simu mbele ya mdomo kama kipande cha muhindi, anaitazama pikapu, hanitazami mimi.

"Na jambo jingine," alisema. "Huyu mtoto naye. Nimemlea kwa hewa ya huku. Akifika huko kwenu, siku za mwanzo anaweza kukohoakohoa. Msije mkasema ni feki."

Huko Pangani kunguru walilia kidogo.

"Hatutasema, Pakabureta," alijibu baba mkwe wangu.

Nililia, na sikusingizia sabuni. Baba alihangaika na simu mpaka ikakatika yenyewe, akaingia stoo, nikamsikia akipangua masanduku ya spana. Baada ya muda alitoa kichwa mlangoni.

"Sasa huko Pangani," aliniuliza, "mtu anakanyaga na viatu gani?"